Sauti Imesikika: Ndiyo au Hapana

Tarehe 3 Februari

Kwa Fundi Mkuu, Karakana ya Kampuni

Ndugu Fundi,

Dada wa mapokezi ameniambia kwamba malalamiko ya mdomo hayana faili, kwa hiyo naandika. Gari ni lile dogo la kijivu. Lina wiki saba tangu litoke kwenu, na viti vya nyuma bado vina nailoni. Halina kasoro yoyote isipokuwa moja: linapiga filimbi. Ni sauti nyembamba, inatoka ndani ya dashibodi upande wa abiria.

Nimelileta mara mbili. Mara zote mbili mmekaa nalo siku tatu, mkaliosha, mkanirudishia pamoja na kadi ya kazi yenye kisanduku kilichoandikwa "Sauti imesikika: Ndiyo / Hapana". Mara zote mbili tiki iko kwenye Hapana. Ahsanteni kwa kuliosha, lakini sikuja kuoshewa.

Mume wangu ni fundi redio mstaafu. Presha ya macho ilimpokonya kuona miaka mitatu iliyopita, na gari hili binti yetu alitununulia ili niweze kumpeleka kliniki kila baada ya wiki mbili. Sasa anapanda na pamba masikioni. Wiki iliyopita aligoma kabisa, akakaa kibarazani na koti lake mpaka saa ya miadi ikapita.

Naomba lipimwe tena.

Mteja wenu,
Mama wa gari la kijivu


Tarehe 9 Februari

Mama mpendwa,

Ninayeweka tiki ni mimi, kwa hiyo ni haki nikujibu mwenyewe. Hapa kazini wananiita Sikio. Sikujipa jina hilo. Mameneja watatu waliopita wote wameniita hivyo, tangu nilipotambua beringi mbovu kwa kusimama tu getini gari likiingia.

Utaratibu wetu ni huu. Gari likiletwa kwa sababu ya sauti, kompresa inazimwa, mafundi wote wanatoka nje, milango inafungwa, nami nakaa ndani ya gari peke yangu dakika ishirini. Hakuna anayeruhusiwa kuchungulia. Nikiweka tiki kwenye Ndiyo, dashibodi inafunguliwa kwa gharama ya kampuni. Nikiweka Hapana, hakuna mwenye mamlaka ya kugusa hata skrubu moja, hata meneja.

Gari lako nimelipima mara ya tatu juzi. Hapana.

Nisamehe kwa nitakalosema. Watu wa umri wa mzee wetu wakati mwingine husikia mlio ambao uko masikioni mwao wenyewe. Si aibu. Pengine daktari angesaidia kuliko mimi.

Fundi Mkuu, Ukaguzi wa Sauti


Tarehe 14 Februari

Shikamoo Mama,

Nimekupigia simu mara nne wiki hii. Kila nikiuliza jambo unasema "ndiyo, ndiyo", kisha unasema mtandao mbaya, nikuandikie. Haya, naandika. Huku kwenye duka letu la dawa wenzangu wananicheka, mwanamke wa leo anapeleka bahasha stendi.

Kaka ameniambia kuhusu gari. Baba anasikia filimbi, na fundi bingwa wa kampuni amesema mara tatu kwamba hakuna filimbi. Mama, kusikia vitu visivyokuwepo si jambo la kufunika kombe mwanaharamu apite. Nimemuuliza daktari mmoja anayenunua dawa kwetu. Anasema kwa mzee aliyepoteza macho akili inaweza kuanza kuteleza hivyo hivyo, polepole.

Nimemwekea Baba nafasi kwenye kitengo cha kumbukumbu, tarehe 4 Aprili. Atakaa kwangu miezi mitatu ya uchunguzi. Unajua nyumba yangu, chumba cha akiba kina kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, kwa hiyo wewe utabaki nyumbani. Daktari akithibitisha, kuna nyumba nzuri ya kutunzia wazee mtaa wa pili kutoka kazini kwangu. Nimeitembelea. Ni safi, wauguzi wana adabu.

Usinikasirikie. Nafanya hivi kwa sababu niko mbali.

Mwanao


Tarehe 17 Februari

Mwanangu,

Barua imefika. Baba yako sijamsomea yote. Nimemsomea salamu na habari ya wenzako kukucheka.

Miaka thelathini na nane nimelala na yule mwanamume chumba kimoja. Usimtengee kitanda kabla hujaniuliza. Filimbi ipo. Hata mimi naisikia, tena inakera. Subiri niwashughulikie watu wa karakana.

Mama


Tarehe 19 Februari

Ndugu Fundi,

Nasikia unaitwa Sikio. Basi sikia.

Mimi nina miaka sitini na mmoja, si mgonjwa, sinywi dawa ya aina yoyote, na filimbi ya gari hilo naisikia kwa masikio yangu haya mawili. Ni kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Ikiwa mama mtu mzima, asiyejua tofauti ya plagi na kabureta, anaisikia, na bingwa wa kampuni haisikii, mwenye kasoro ni nani?

Tiki zako hizo tatu zimefika kwa watoto wangu. Kwa tiki zako baba yao anakaribia kuandikwa kwamba akili imemtoka, apelekwe mji mwingine, aachwe huko. Hilo ndilo uliloliweka kwenye kisanduku chako. Nitalileta gari Jumatatu, na safari hii sitaki lioshwe.

Mama wa gari la kijivu


Tarehe 25 Februari

Mama mpendwa,

Kadi ya kazi namba 318. Sauti imesikika: Ndiyo.

Safari hii nilitulia vizuri zaidi, nikaisikia. Ni kama ulivyoeleza, mbu kwenye chandarua. Tumefungua dashibodi tukakuta plastiki mbili zinasuguana nyuma ya kidroo cha dashibodi. Nimeweka sponji katikati na kufunga upya. Hutaisikia tena.

Radhi kwa usumbufu. Gari halikuoshwa.

Fundi Mkuu, Ukaguzi wa Sauti


Tarehe 1 Machi

Mwanangu,

Naambatanisha nakala ya kadi. Itazame kwa miwani. Ndiyo! Fundi bingwa, anayeitwa Sikio na meneja watatu, ameisikia, ameielezea, ameitengeneza. Zilikuwa plastiki mbili. Baba yako akili zake ziko pale pale zilipokuwa wakati anakufundisha hesabu za magazijuto na kukufinya.

Sasa hiyo nafasi ya tarehe 4 Aprili wape wenye shida.

Mama


Tarehe 6 Machi

Shikamoo Mama,

Nimeiona kadi, na nimefurahi mpaka nikafunga dirisha la dawa nikalia kidogo. Namwomba Baba radhi kupitia kwako.

Nafasi sijaifuta bado, nimeiacha tu. Niambie jambo moja. Gari likishatengenezwa, Baba ametulia? Maana kama fundi ameitoa sauti, na Baba bado anaisikia, basi Mama, utakuwa umejibiwa na fundi wako mwenyewe.

Mwanao


Tarehe 10 Machi

Ndugu Fundi,

Barua hii naomba uisome ukiwa peke yako, kama unavyokaa kwenye magari.

Mume wangu anasema bado linalia. Alisema siku ile ile ya kwanza tukitoka kwenu, kabla hatujafika kwenye mzunguko wa soko. Nikamwambia plastiki zimetengenezwa. Akasema, "Plastiki haziimbi hivyo." Jana alirudia. Leo amenyamaza, na kunyamaza kwake kunanitisha kuliko kulalamika.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sijawahi kuisikia. Hata siku moja. Yule mbu nilimtunga mezani jikoni, kwa sababu mwenzangu wa maisha yote alikuwa anasema peke yake, na mtu anayesema peke yake huitwa mwendawazimu. Nikaona afadhali tuwe wawili.

Lakini wewe umeisikia. Umeandika Ndiyo, ukasaini. Ulipoandika hivyo nilipiga magoti chumbani nikashukuru. Kwa hiyo nakuuliza wewe, si kampuni: ulisikia nini hasa? Na baada ya sponji, ilikoma? Kama ilikoma, binti yangu ana haki, nami nitamfungia mume wangu sanduku la nguo. Ana tai nne. Sijui hata kama huko anakokwenda watu huvaa tai.

Usinifiche. Sasa hivi akili za mume wangu zimeshikiliwa na sikio lako.

Mama wa gari la kijivu


Tarehe 14 Machi

Dada yangu,

Nakuita hivyo kwa sababu cheo nilichokuwa nikiandikia hakinifai tena.

Sikusikia kitu. Mara tatu za kwanza niliandika Hapana kwa kuwa sikusikia. Mara ya nne niliandika Ndiyo kwa kuwa wewe ulisema umesikia. Nilisoma barua yako nikatokwa jasho. Nikajiambia, kama mama wa miaka sitini na mmoja anasikia kitu ambacho mimi wa hamsini na saba sikisikii, basi mwisho wangu umejulikana. Nikaiba mbu wako, nikatunga plastiki. Sponji niliweka kweli, lakini halikuwa na kazi yoyote.

Mwaka juzi saa yangu ya mkononi iliacha kulia asubuhi. Nilibadilisha betri mara mbili. Siku ya tatu mke wangu aliniuliza kwa nini naiacha inalia tu na kuamsha nyumba nzima. Tangu siku hiyo najua. Nimekaa jirani na kompresa na nyundo tangu nikiwa na miaka ishirini na tano, na sauti nyembamba zote zimeniaga. Za chini bado nazipata, beringi, giaboksi, vitu vinavyonguruma. Kwa hizo nimeishi mjini. Zile nyembamba huwa naandika Hapana.

Utauliza kwa nini sikumwita mtu mwingine asikilize. Utaratibu wa watu wote kutoka nje niliuweka mimi. Zamani nilikuwa nataka utulivu. Siku hizi nataka pasiwe na shahidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi karibu nimuumbue mzee wa watu mahali pangu.

Kwa hiyo wewe hukusikia, nami sikusikia. Katika sisi watatu ni mmoja tu ambaye hajasema uongo, naye ndiye tunayemwita mgonjwa.

Mlete. Mteja haruhusiwi kuvuka mstari wa njano, hilo ni sharti la bima, lakini nitamvalisha fulana ya kazi na kofia ngumu. Njoo naye Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Safari hii sitakaa ndani ya gari peke yangu.

Fundi


Tarehe 21 Machi, karakanani

Mama watoto,

Anayeandika ni fundi, maneno ni yangu. Nimemwomba karatasi kwa sababu nyumbani barua zote hupita kwako, na siwezi kukuamuru wewe uandike barua ya kukusema wewe. Tena najua unazichuja. Ukifika mahali pabaya unakohoa, halafu unaniambia "basi salamu tu".

Nikuambie kwanza ya gari. Tumeliwasha, tukakaa wote wawili mbele, mimi nimenyanyua mkono. Fundi amesema mkono ushuke sauti ikikoma. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Meneja akapita, akaniona na kofia na fulana, akadhani mimi ni mkaguzi wa makao makuu. Akanisalimia kwa heshima ambayo sijaipata tangu nistaafu. Hatukumsahihisha.

Fyuzi ya kumi na moja, kimya. Nikashusha mkono. Akairudisha, ikalia, nikanyanyua. Akaitoa tena, nikashusha. Tumefanya hivyo mara nane, yeye akichomoa kwa hila bila mpangilio na mimi sioni, sikukosea hata mara moja. Ni ya soketi ya kuchajia simu. Nyuma yake kuna kisanduku kidogo, ndani kuna koili, na koili haikumwagiwa gundi ya kutosha kiwandani, basi ikipata umeme inatetemeka na kulia. Nimetengeneza redio mia ngapi zenye ugonjwa huo. Nilijua si plastiki. Fundi ameweka simu yake pale yenye kupima sauti, anasema mstari umepanda juu, na nilipoambiwa nimecheka kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka. Kisanduku kipya kimewekwa. Gari liko kimya.

Fundi ameandika kadi nyingine. Sauti imesikika: Ndiyo. Pembeni ameandika kwamba aliyesikia ni mume wa mwenye gari. Jumatatu atamweleza meneja habari ya masikio yake. Nimemwambia si lazima. Amesema ni lazima.

Sasa ya pili. Filimbi hii haianzi gari likiwashwa. Inasubiri kama dakika kumi, koili ipate joto. Unakumbuka Jumatatu ile tulipokuwa tunaleta gari hapa mara ya nne? Tulikuwa hatujatoka hata getini kwetu. Nilikuuliza, "Inalia?" Nilikuuliza tu, sikukutega. Ukasema, "Inalia, pole mume wangu, kama mbu." Palikuwa kimya kabisa.

Hapo nikajua kwamba huisikii, na kwamba umeanza kunikubalia kama mtoto au mlevi anavyokubaliwa. Binti yako kuniona nimechanganyikiwa hakukunitisha sana. Yuko mbali, tena ni mwoga tangu utotoni. Lakini wewe ukinivika kilemba cha ukoka, nani ataniambia njia inapinda wapi? Siku zile zote nilizonyamaza nilikuwa nasikiliza filimbi na kujiuliza kama ipo kweli. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku macho yalipozimika.

Nilikasirika. Nimekasirika bado, kidogo. Najua ulinipenda kwa kufanya hivyo, na fundi hapa ananiambia niandike kwamba nimekusamehe. Nimekusamehe. Lakini kuanzia leo ukiwa husikii, sema husikii. Mimi sioni, na sijawahi kukuambia naona.

Mumeo


Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Gari liko kimya. Najua kwa sababu baba yako amesema. Kwangu halina tofauti na siku zote. Nakala ya kadi mpya iko ndani, pamoja na barua yake kwangu. Nimeinakili yote, hata pale anapokuita mwoga. Sijachuja. Utaona humo kwamba nilikudanganya na mimi, nilipokuandikia kwamba naisikia. Nisamehe.

Barua nilikabidhiwa mapokezi, nikaisoma nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu waliokuja kubadilisha oili. Nililia, yule dada akaniletea maji akidhani ni habari ya bei ya vipuri.

Tukaondoka. Baba yako amevaa ile fulana ya njano, amekataa kuivua. Tulipopita benki akaniuliza, "Unaisikia hiyo?" Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo. Nikaufunga. Nikasema, "Sisikii kitu." Akasema, "Indiketa. Umeisahau tangu karakanani, watu wote nyuma wanadhani tunakata kulia." Nikaegesha pembeni, tukacheka mpaka mwanamke mmoja akaja kugonga kioo kuuliza kama tuko salama.

Halafu akaniuliza polepole, ni tangu lini. Miaka ishirini na miwili nilisimama kiwandani kwenye mashine za kufuma, mwanangu, na kwa kelele zake tulikuwa tunasomana midomo. Nadhani niliendelea kuisoma baada ya kustaafu bila kujua. Simu haina mdomo. Mtandao hauna ubaya wowote huku kwetu.

Kwa hiyo ile nafasi ya tarehe 4 Aprili usiifute. Badilisha jina, weka langu, na uwaombe wanihamishie mlango wa masikio. Kile kitanda cha futi mbili na nusu kitoe, tandika godoro chini, maana tunakuja wawili. Baba yako lazima awe nami mle ndani, anisahihishe. Daktari akinipigia kile kimashine chake na kuniuliza kama nimesikia, nitajibu ndiyo.

Mama